Miezi Kumi na Sita Juu ya Godoro la Sufi

Mimi na mume wangu tunaishi Tanga, katika nyumba ya bati yenye dari ya mbao, na kwa miaka mingi tulikubali kwamba usingizi mbaya ni sehemu ya kaskazi kama lilivyo jasho. Kuanzia Desemba hadi Machi tulikuwa tukilala usingizi wa mang'amung'amu, tukiamka saa nane za usiku shuka limenata mgongoni, mmoja wetu akihamia sebuleni kujinyoosha juu ya mkeka, na asubuhi kila mmoja akiamka na uchovu mkubwa kuliko ule aliopanda nao kitandani. Tulililaumu joto, tukaulaumu umri, na kwa muda fulani mume wangu alililaumu pangaboi na kulibadilisha. Godoro hatukulilaumu, kwa sababu lilikuwa jipya.

Nayaandika mapitio haya kuhusu godoro la sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, na mito miwili tuliyoshonesha kwa fundi magodoro mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, pamoja na huduma aliyotupatia tangu siku tuliyotoa agizo hadi leo. Nimesubiri miezi 16 kwa makusudi. Godoro lolote hupendeza wiki ya kwanza, na mtu anayelisifu baada ya usiku mitatu huwa anasifu upya wake tu. Mimi nilitaka kwanza tupite nalo kaskazi moja nzima na masika moja nzima ndipo nishike kalamu.

Godoro lililotangulia lilikuwa la sponji, futi tano kwa sita, unene wa inchi nane, na lebo iliyoshonwa ubavuni ilidai kwamba sponji yake ni nzito. Baada ya miezi 14 lilikuwa limebonyea pande zote mbili tunapolala, likaacha tuta katikati kama barabara ya vumbi iliyopitwa na malori. Siku moja nilitandika kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nikaikaza, kisha nikashusha rula hadi chini kwenye bonde la upande wangu: inchi mbili na nusu. Duka lililotuuzia, ambalo sitalitaja, lilituambia kwamba dhamana haitumiki kwa sababu kosa ni la chaga za kitanda chetu. Katika hilo, kama nitakavyoeleza, walikuwa na sehemu ndogo ya ukweli, lakini sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa ndani ya godoro lenyewe, na niliithibitisha kwa mizani.

Namna ya kulithibitisha hilo inafaa kila mnunuzi aijue, hata kama hana nia ya kulala juu ya sufi. Uimara wa sponji hautokani na unene wake bali na uzito wake kwa ujazo, yaani ni kilo ngapi za malighafi zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Sponji ni vijishimo vya hewa vilivyozungushiwa kuta nyembamba. Pale malighafi inapokuwa chache, kuta hizo huwa dhaifu, na kila usiku uzito wa mwili huzikunja na kuzivunja hadi zishindwe kurudi. Godoro la futi tano kwa sita lenye unene wa inchi nane lina ujazo unaozidi kidogo nusu ya mita ya ujazo. Kwa hiyo, kama sponji yake ni ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, godoro zima halina budi kukaribia kilo 17. Likiwa la kilo 20 kwa mita ya ujazo, litakuwa na kilo 11 hivi. Tulilipeleka la kwetu kwenye mizani ya muuza nafaka wa jirani, pamoja na kitambaa chake, likasoma kilo 11 na nusu. Lebo ilisema nzito. Ningependa kila duka la magodoro liweke mizani mlangoni, na mpaka hapo litakapofanya hivyo, mnunuzi ana haki ya kuomba godoro lipimwe kabla hajafungua pochi.

Wazo la sufi lilitoka kwa mama mkwe, ambaye alilelewa Muheza na hakuwahi kuacha kulisema. Nakiri kwamba nilikuwa nikilihesabu kuwa jambo la zamani. Tulipofika kwa fundi, jambo la kwanza lililonibadilisha mawazo lilikuwa maswali yake. Hakuuliza tunataka godoro la bei gani. Aliuliza nani ana uzito zaidi, nani hulala ubavu na nani hulala chali, nyumba ina dari au bati tupu, na kama tuna mahali pa kuanikia. Kisha akatandika mkeka juu ya kibao chake cha kazi, akaniomba nilale, akaniuliza: "Mama, hapo kiunoni, mgongo unagusa au mkono unapita?" Mkono ulikuwa unapita. Akaandika kwenye daftari lake kwa penseli kwamba upande wangu ujazwe zaidi katikati, na upande wa mume wangu uachwe laini zaidi begani, maana yeye hulala ubavu. Katika maduka matano tuliyoyazungukia kabla ya hapo, hakuna aliyewahi kuniuliza nalalaje.

Alitufungulia gunia tuitazame sufi yenyewe. Ilikuwa nyeupe yenye umanjano kwa mbali, inang'aa kama hariri, nyepesi kiasi kwamba nilipokamata konzi moja na kufumba macho sikuhisi kama nina kitu mkononi. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani kama mrija, na nje umepakwa na maumbile nta nyembamba inayofukuza maji. Ndiyo sababu sufi ilitumika kujazia majaketi ya kuokolea watu baharini kabla ya sponji za viwandani kuenea. Fundi alichovya konzi ile katika bakuli la maji, akaizamisha kwa kidole, ikaibuka juu, naye akaitikisa na kunirudishia. Ilikuwa karibu kavu. Kwa mtu wa pwani jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu jasho la usiku halizami ndani ya ujazo na kuozea humo. Linabaki kwenye kitambaa cha juu, ambacho kikiwa cha pamba hulitoa tena hewani. Ndiyo maana fundi alikataa kata kata kitambaa cha nailoni nilichokipenda kwa maua yake, akasisitiza maradufu, kile kitambaa kizito, ya pamba yenye mistari. Leo namshukuru.

Kazi yenyewe niliitazama kwa saa mbili siku ya ujazaji, na nadhani kila mteja angepaswa kuitazama, kwa kuwa ndipo ubora unapokaa. Vijana wawili, wamejifunga kanga puani na mdomoni kwa sababu ya vumbi, waliichambua sufi kutoa mbegu na vipande vya maganda, kisha wakaipiga kwa fimbo nyembamba hadi ikaumuka. Ikaingizwa ndani ya mfuko wa maradufu kwa matabaka, kila tabaka likisambazwa kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, na kona zikijazwa kwa kukandamizwa na mpini wa mbao. Baada ya mdomo kushonwa, fundi mwenyewe alichukua shazia, sindano kubwa yenye urefu wa kiganja na nusu, akapitisha uzi wa katani kutoka upande wa juu hadi wa chini, akaweka kipande cha kitambaa ili fundo lisikate maradufu, akakaza, akafunga. Alirudia hivyo kila baada ya shibiri moja kwa godoro zima. Mafundo hayo huzuia sufi isihame na kujikusanya mabonge. Godoro la sufi lisilofungwa vizuri huwa gunia tu. Upande wangu nilihesabu mafundo yaliyokaribiana zaidi kiunoni, kama alivyoandika kwenye daftari.

Usiku wa kwanza haukuwa wa raha. Godoro lilikuwa limetuna kama mkate uliotoka jikoni, kilo 25 za sufi katika unene wa inchi saba, na tulikuwa kama tunaoteleza kuelekea mfumbati, mbao ya ubavuni mwa kitanda. Fundi alikuwa ametuonya: lingeshuka hadi inchi tano hivi ndani ya miezi michache, na baada ya miezi minne tumrudishie aliongeze. Wiki ya pili tulianza kuona tofauti, kwanza kwa joto. Mwili wa binadamu hupunguza joto lake la ndani unapoelekea usingizini, na katika usiku wa Februari wenye unyevunyevu, jasho halikauki kwa urahisi na mwili unakosa pa kulipeleka joto hilo. Godoro la sponji lililobonyea lilikuwa linatukumbatia pande zote, likiturudishia joto letu wenyewe. Sufi ngumu kiasi, iliyoinuka, inauacha mwili juu, upepo wa pangaboi unapita ubavuni, na upande wa chini hausikii unyevu. Sisemi kwamba tumekuwa na ubaridi. Kaskazi ni kaskazi. Lakini kuhamia sebuleni kumekwisha, na mume wangu, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuvuka saa tisa za usiku bila kuamka, sasa hulala kama pono hadi adhana ya alfajiri. Watu wazima wanashauriwa kupata saa saba au zaidi za usingizi kila usiku, na mimi nazipata kwa siku nyingi za juma, jambo ambalo nisingelisema mwaka juzi.

Maumivu ya kiuno niliyokuwa nikiamka nayo yamepungua sana, ingawa hayajaisha. Mwenye ugonjwa wa mgongo na amwone daktari kwanza. Fundi magodoro, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kujua kilichomo ndani ya uti wa mgongo.

Nilisema nitarudi kwenye chaga. Siku fundi alipolileta godoro nyumbani, kabla ya kulitandika alipiga magoti akachungulia uvunguni. Kitanda chetu ni cha mninga, matendegu yake manene na mchago wake, yaani upande wa kichwani, umechongwa vizuri, na sikuwahi kufikiri kwamba kina kasoro. Kumbe kilikuwa na chaga saba tu, na kati ya moja na nyingine kulikuwa na nafasi ya karibu shibiri nzima. Godoro la aina yoyote juu ya nafasi kama hizo huzama katikati ya mbao. Tulimwita seremala akaongeza chaga tano, nafasi zikawa za vidole vinne. Fundi alituomba pia tutoe masanduku na magunia tuliyokuwa tumeyashindilia uvunguni, kwa kuwa godoro linahitaji kupumua kwa chini. Tulipoyatoa tulikuta nyuma yake ukuta umeota ukungu. Kama ningekuwa nimeijua kazi hiyo ya nusu siku mapema, labda hata lile godoro la sponji lingejikongoja miezi mingine michache.

Mito aliyotushonea inastahili sifa kamili, na kwa mtu asiye na uwezo wa kubadilisha godoro ndiyo ninayoishauri kwanza. Kila mto una mdomo mdogo uliofungwa kwa vishikizo, chini ya foronya, ili mwenyewe apunguze au aongeze sufi kwa mkono. Mume wangu anayelala ubavu ameuacha wake mrefu, ujaze pengo kati ya sikio na bega. Mimi ninayelala chali nilitoa konzi tatu, nikarudisha moja, na shingo yangu ikatulia. Sijawahi kuona mto wa dukani unaoruhusu hivyo.

Sasa niseme yaliyonikera. Fundi aliahidi siku saba, kazi ikachukua siku 19, na katika muda huo nilipiga simu mara nne nikajibiwa "kesho" mara tatu. Sababu yake, kwamba sufi nzuri ilikuwa imekwisha na alikataa kujazia ya mwaka juzi iliyovunjikavunjika, naiamini, lakini angeweza kunipigia yeye kabla sijampigia mimi. Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Kona moja ya miguuni ilikuwa na mbegu nyingi ambazo hazikuchambuliwa. Zilisikika chini ya kisigino kama kunde, na kwa kuwa mbegu za sufi zina mafuta, panya alizifuata na kutoboa maradufu ndani ya mwezi wa pili. Nilimpelekea picha. Alikuja siku iliyofuata na shazia yake, akaifumua kona, akaichambua upya barazani kwangu, akashona kiraka bila kudai senti, na kutuomba radhi kwa maneno ambayo sikuyaona kuwa ya kuigiza. Namna alivyolirekebisha kosa ndiyo iliyonifanya niandike mapitio yenye sifa, lakini kosa halikupaswa kutoka karakana.

Matunzo yake ni kazi, na sitaki mtu adanganyike. Godoro la sufi hugeuzwa kila wiki, kichwa kwa miguu na juu kwa chini, na huanikwa juani walau mara mbili kwa mwezi. Watu wawili wanalimudu bila shida, mtu mmoja atahangaika. Saa tatu za jua kali hulirudishia umbo, kwani unyevu hukauka na sufi huumuka tena. Ukilipiga kwa fimbo ukilisikia limelia "buu", limeiva. Masika ndiyo mtihani. Aprili nzima tulilianika mara moja tu, likawa zito na gumu, harufu ya unyevu ikaanza, na usingizi wetu ukashuka tena kwa wiki kama mbili. Anayeishi ghorofani bila roshani, au anayepanga chumba mahali ambapo uwanja unagombaniwa, ningemshauri achukue sponji nzuri iliyopimwa kwa mizani kuliko sufi isiyoona jua. Na mwenye pumu awe mwangalifu: sufi mpya haikumsumbua dada yangu aliyelala kwetu wiki mbili, lakini godoro la zamani la mama mkwe, lenye vumbi la miaka, lilimpigisha chafya usiku kucha.

Kuna pia hatari ya moto, ambayo fundi aliitaja kwa sauti kali kuliko mambo mengine yote. Sufi hushika moto upesi mno. Chumbani hapavutwi sigara, hapawashwi mshumaa mchagoni umeme unapokatika, na ile dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe uvunguni wala karibu na shuka. Sisi tumeiacha kabisa, tukabaki na chandarua chenye dawa. Tulibadilisha cha duara, kilichokuwa kikitugusa usoni na kuzuia upepo, tukatundika cha pembe nne ambacho dari yake imepanuka hadi ukingo wa kitanda na upepo wa pangaboi unazunguka ndani. Hukifua kwa sabuni ya kawaida isiyo kali na kukianika kivulini, kwa sababu jua linalolifaa godoro huidhoofisha dawa ya chandarua. Jua na kivuli vyote viwili vina siku yake katika kamba yetu ya kuanikia.

Kwa gharama, tulilipa shilingi 285,000 kwa godoro, mito miwili na kuletewa nyumbani, na shilingi 20,000 baadaye za kuongezea kilo tatu mwezi wa tano, ambazo fundi alikuwa amezitaja tangu mwanzo. Seremala wa chaga alichukua zake mbali. Ni pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, na karibu sawa na tulizotoa kwa lile la sponji lililokufa kabla ya kutimiza mwaka na nusu. Tofauti ninayoipima mimi ni kwamba sponji ikibonyea haina fundi. Hutupwa au hukatwa ikawa mito ya viti. Sufi hufumuliwa, hupigwa, huongezwa, hushonwa tena ndani ya maradufu ileile au mpya. Godoro la mama mkwe limefumuliwa mara tatu kwa maisha yake, na bado wajukuu wanalilalia likizo.

Kwa anayetaka kuagiza, yafaa aende yeye mwenyewe pamoja na anayelala naye, kwa kuwa vipimo vyao viwili ndivyo vitakavyoandikwa kwenye daftari. Aende kabla ya kaskazi kuanza, aombe gunia lifunguliwe mbele yake, azamishe mkono hadi kiwiko na kupapasa kama kuna mbegu, na siku ya ujazaji awepo. Akubaliane na fundi kwa maandishi tarehe ya kukabidhiwa na ya kuongezea sufi. Sisi miadi yetu ya kulifumua ni mwakani baada ya masika, na maradufu tumeshainunua, ya mistari ya buluu.